Safu Zilizolala Kulia

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu tele. Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri kila ninaposujudu. Wewe je, na wanao?

Kitambaa chetu kimefika. Nimeongeza safu yangu kama desturi yetu, wewe yako, mimi yangu, mpaka kienee meza ya mama. Ila nina neno. Kuandika walimu walikulazimisha mkono wa kulia, lakini kwenye sindano ya kroshia hakuna aliyekuweza. Unafuma kwa kushoto, na vifundo vyako hulala kinyume na vyangu. Safu yako ya safari hii imelala kama zangu. Nani kaishika sindano yako?

Dada yako

20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Pole na magoti.

Wewe na macho yako! Chumvi ikizidi chembe unamjua aliyeitia. Nilifuma nimelala, mgongo ulikuwa unauma, labda ndiyo sababu. Nimeongeza nyingine, ipokee.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumai mgongo umepoa. Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia.

Kulala hakugeuzi mkono. Hii nayo imelala kulia. Mumeo alipooa mke wa pili nilikwambia, mkaribishe kwa salamu, usimkaribishe mpaka jikoni. Leo anashika sindano, kesho atashika funguo, keshokutwa utaniandikia kutoka chumba cha uani. Nimeyawaza haya hata kwenye sala, Mungu anisamehe.

Basi kwenye safu ijayo weka ua la mama, lile alilotufundisha sisi wawili tu. Nitaona.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Najua umengoja sana. Hali zenu?

Kitambaa hicho, na ua umeshaliona. Ndiyo, ni yeye. Mwezi wa pili nilikuwa natoa keki kwenye oveni, trei ikateleza, nikaidaka kwa mkono wa kushoto. Vidole havijakunjuka mpaka leo. Yeye ndiye ananiogesha na kunisuka nywele. Kukurudishia kitambaa bila safu nilishindwa, nikamwelekeza. Ua la mama nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo.

Utauliza kwa nini nilificha. Mke mwenzangu simwogopi, Dada. Nilikuogopa wewe.

Ukitaka kufumua, fumua.

Mdogo wako

27 Juni

Mdogo wangu,

Pole, pole tena. Barua yako nimeipata.

Sikufichi, nilianza kufumua. Nilikuwa na hasira juu ya ua la mama kuliko juu ya mkono wako, na hilo nimelitubu. Nilipolifikia ua lenyewe nikakuta uzi umechakaa na kuota manyoya, kama uzi uliofumwa ukafumuliwa, ukafumwa tena, mpaka likakubali. Nikaacha hapo. Mwenye hila hajisumbui hivyo. Au labda hila ndiyo hiyo, Mungu ndiye ajuaye vifua vya watu.

Nakuja Jumamosi. Usimwambie. Nataka nimkute alivyo, na nikuone unavyoogeshwa. Nimeweka sindano mpya ya kroshia kwenye mkoba wangu. Nikimkuta ni mtu, nitampa. Nikimkuta siye, nitarudi nayo, nawe utapanda gari pamoja nami, mumeo apende asipende.

Dada yako