Neno la Mchungaji na Mbegu za Hawayu

Alhamisi. Jua limetoka baada ya siku nyingi za mvua, na moyo wangu umetulia.

Asubuhi nilikuwa misheni na mchungaji Mwingereza, tukiendelea kutafsiri kitabu chake. Tulikwama kwenye neno moja: prudence. Nikampa "busara". Akatikisa kichwa. Alisema neno hilo limetoka katika Kilatini cha kale, ambako lilikuwa refu zaidi na liliunganisha "mbele" na "kuona". Vinywa vya watu vikalifupisha. Ni busara ya mtu anayeliona jambo kabla halijafika, akajiandaa.

Nilikuwa namfikiria mke wangu, Hawayu.

Kabla ya mafuriko, Hawayu alikataa kupanda mbegu zote za mpunga kwenye shamba letu la ukingoni. Nusu alizipakia mtumbwini, akazipeleka kwa kaka yake, ambaye ghala lake liko mwinukoni. Nilikasirika. Nikamwita mwoga mbele ya majirani, nao wakacheka.

Mto Tana ukapanda siku tatu mfululizo. Miche yote ikaoza majini.

Na hili naliandika kwa aibu: majirani waliposikia kwamba tuna mbegu, walinisifu mimi. Nikawaacha wanisifu.

Leo mchana maji yamepungua, wakaja kuomba za kupanda. Hawayu alikuwa akiwapimia kwa kibuyu mbegu zilizorudishwa kutoka kwa kaka yake. Nilishindwa kuvumilia.

"Mshukuruni yeye," nikawaambia. "Mimi nilimwita mwoga, kisha nikapokea sifa zake. " Nikamgeukia Hawayu, nikamwita kwa jina la mtoto wetu: "Mama Dhadho, nisamehe."

Alimaliza kwanza kibuyu alichokuwa anapima. Halafu akasema, "Nimekusikia. Nishikie gunia."

Nililishika. Sijawahi kushika gunia kwa furaha namna ile.

Walipoondoka nikamweleza lile neno. "Wazungu wana jina la ulichofanya. Maana yake ni kuona mbele."

"Mimi sikuona mbele," akasema. "Nilikumbuka nyuma. Nikiwa mdogo, mama alitupikia mizizi ya mayungiyungi mwaka mzima, kwa sababu mbegu zetu zote zilikuwa shambani mto ulipokuja."

Nimekaa nalifikiria jibu hilo. Je, Kilatini kina nafasi ya kukumbuka?

Nitamuuliza mchungaji. Lakini atangoja kidogo, kwa maana kesho tunapanda, na Hawayu ndiye atakayesema tuanzie wapi.