Miche Myeupe

Bagara, Jumanne, Desemba 1983

Meupe kama karatasi! Mahindi yangu ya kwanza tangu niolewe yameota bila ukijani hata kidogo, na mama mkwe akawaita majirani: "Njooni muone, mkwe wangu anaotesha mizuka!"

Paskali wangu, mume mtamu kuliko asali, alinishika kiuno palepale shambani mbele ya wote. "Usilie, mke wangu. Tutapanda tena." Jamani, nampenda!

Bwana shamba alipasua mbegu iliyobaki, akanionyesha kuvu ndani yake. Alisema kuvu huacha sumu, na sumu hiyo huvuruga vimeng'enya vinavyotengeneza ukijani. Mche usio na ukijani haujipikii chakula, hivyo hufa njaa juani.

Basi si mkono wangu! Lakini mbegu nilipewa na mama mkwe, kutoka gunia la sakafuni lenye unyevu. Za kwake alizitoa darini, juu ya moshi wa jikoni, na zimeota vizuri.

Nilimuuliza Paskali kama mama alijua. Akacheka. "Mama macho yake mabovu tu."

Macho hayohayo yaliona uzi uliofumuka kwenye gauni langu la harusi, kutoka upande wa pili wa kanisa.