Mkono wa Norlan

Bilwi, Januari 10, 1998

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi sijambo, tena zaidi ya sijambo: nimeolewa! Ungemwona Norlan mlangoni mwa kanisa, shati linambana mabega, analia huku anacheka. Kila asubuhi ananipikia uji wa ndizi, anaupondaponda mpaka unalainika, kisha ananiambia, "Kunywa, malkia, kabla sijakuibia."

Nafasi yako kwenye benchi ilibaki tupu. Watu walipouliza nilisema mto umejaa, mashua hazipiti.

Mwezi ujao atakuja huko kijijini kwenye Meza ya Bwana. Watu watakapogeukiana kupeana mkono wa amani, atakuwa kando yako. Mpe mkono tu, Baba. Sitaki zawadi nyingine.

Binti yako,
Melva

Wangki, Januari 29

Binti yangu Melva,

Salamu katika Bwana. Goti linauma, lakini bado nalipiga mbele za Mungu.

Mto haukujaa, nawe wajua. Babu yako alichonga mimbari ya kanisa hili. Mimi ndiye mzee wa kanisa, ninayewauliza watu kabla ya Meza kama wana amani na wenzao. Nawe umeniletea mpiga mbizi wa kambakochi, mtu ambaye hata viatu vya kanisani anaazima!

Aje. Kanisa ni la Mungu. Mkono ni wangu.

Baba yako

Bilwi, Februari 22

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Norlan amerudi. Nilimngoja gatini na ua sikioni, kama mwehu. "Vipi, mpenzi?" Akajibu, "Baba ana sauti nzuri ya kuimba." Basi.

Mwenye mashua aliyempeleka huko ndiye aliyenisimulia. Kijana alinyoosha mkono, wewe ukakunja mikono yako kifuani. Ukamwambia, "Kajioshe chumvi kwanza." Akauacha hewani mpaka wimbo ukaisha, watoto wakimtazama.

Baba, unawauliza wote kama wana amani. Wewe anakuuliza nani?

Kesho anaingia baharini. Anasema akirudi atakuja tena kukupa mkono.

Binti yako,
Melva

Bilwi, Machi 27

Baba,

Shikamoo. Hukunijibu. Wewe ukiwa mzima, nashukuru.

Norlan wangu alipiga mbizi kina kirefu mno, akapanda juu haraka kuliko mwili unavyostahimili. Wenzake wamemleta amelazwa sakafuni mwa mashua. Miguu imekufa ganzi, na mkono wa kulia pia. Daktari ananitazama tu.

Namchana nywele, namlisha uji. Jana aliniambia, "Malkia, leo umeuunguza," tukacheka mpaka machozi, halafu machozi yakakataa kukoma. Kila mashua ikitia nanga anauliza, "Baba kaandika?"

Njoo. Lakini mkono wake haunyanyuki tena. Ukija, itabidi uiname uuchukue mwenyewe.

Melva

Wangki, Aprili 4

Mwanangu,

Pole. Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa.

Nitakuja Pasaka ikishapita. Ibada ya alfajiri makaburini haina wa kuiongoza ila mimi. Tangu babu yako haijawahi kushikwa na mtu wa nje ya nyumba yetu. Watu watasemaje nikikosekana?

Mwambie anisubiri. Nitainama.

Baba yako

Bilwi, Jumapili ya Pasaka

Baba,

Shikamoo.

Bila shaka leo umeongoza vizuri. Huku nako tulikwenda makaburini kungali giza. Wakasoma majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita. La Norlan lilisomwa mwisho, kwa kuwa yeye alilala juzi tu.

Barua yako ilimkuta hai. Nilimsomea. Nilipofika pale uliposema utainama, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akafumba macho, akatabasamu lile tabasamu lake la mlangoni mwa kanisa, akasema:

"Mwambie asiiname sana. Ana goti bovu."

Hakusema tena.

Nilikuwa nimeushika mkono wake wa kulia. Niliushika kwa ajili yangu, kisha nikaushika kwa ajili yako. Sijui kama aliweza kutofautisha.

Binti yako,
Melva