Benchi Lako la Mlangoni

Bi Marta, mke wangu uliyetangulia,

Sikuulizi hali, maana hali yako huko naijua, ni njema kuliko yangu. Mimi mzima. Magoti yanalia kidogo, lakini sauti ipo, na barua hii naiandika kwa mkono wangu bila kumwomba mtu. Herufi zangu ni kubwa kama mbuzi, unazijua, lakini zinasimama. Vijana wa hapa wanaandika mbio na herufi zao zinaanguka.

Nina habari ya furaha, ijapokuwa mwanzo wake utakufanya ushike kichwa. Wamenitoa mbele, Bi Marta. Sisimami tena kuomba mbele ya watu. Ngoja, usisikitike.

Mwalimu wetu wa sala sasa ni kijana, Natanaeli, katoka bara, mpole, anasoma Kitabu kama anakunywa maji. Sheria yake ni moja: Jumapili hakuna kugusa karafuu. Si kuchuma, si kuanika, si kuanua. Nikamwambia sawa, maana siku ya Bwana hata wewe ulinisumbua nayo. Zangu nilizianua Jumamosi jua lingali juu. Na Wete nzima hakuna karafuu zinazokauka vizuri kama zangu, waulize.

Basi Jumapili moja nilikuwa mbele kanisani, naomba. Lile ombi langu refu. Nilikwisha kumwita Mungu majina yake yote mazuri, nimeanza kuwaombea wafalme. Mara upepo ukaingia dirishani, na pua yangu ikanambia: mvua hiyo, upande wa kisiwa cha Fundo, si mbali. Pua hii haijapata kusema uongo. Nikafumbua jicho moja. Ng'ambo ya njia, uwanjani kwa Bi Zuhura, majamvi yamejaa karafuu mpaka ukingoni. Ndiyo riziki yake, na zikirowa zinavunda. Mjane wa watu, na mguu wake ule uliovimba, anahangaika na pakacha moja. Wanawe wako Makoongwe harusini. Dini yake ni nyingine, lakini mvua ni moja.

Hapo nikakumbuka neno lako. Kila tukirudi nyumbani ukinambia, "Mume wangu, Mungu si Liwali. Hataki kupigiwa salamu kutwa. Zungumza naye." Basi nikazungumza naye. Nikamuuliza kimya kimya, kama nilivyokuwa nikikuuliza wewe, nifanyeje. Na nilijibiwa, Bi Marta. Si kwa masikio haya. Ilikuja ndani, taratibu, kama mtu anayenijua tangu utoto: Mzee, funga mdomo, kaanue.

Nikasema, "Amina, mvua hiyo," nikatoka.

Walinifuata wote. Kina mama na kanga zao za ibada, wanaume na kofia mkononi. Tukakunja pembe za majamvi, tukabeba, tukamwaga ukumbini kwake. Mimi nilibeba jamvi kubwa kuliko yote, na mgongo huu. Tone la kwanza lilianguka jamvi la mwisho likiwa mlangoni. Bi Zuhura analia, anacheka. Akanambia, "Mzee Yakobo, leo Mungu kakuacheni mtoke kabla ya saa?" Nikamjibu, "Katutuma, Bi Zuhura."

Mwalimu alibaki ndani peke yake na Kitabu. Jioni akaniita mbele ya wazee. Akasema kwa upole kwamba nimevunja siku ya Bwana na sala nimeikata njiani, nitubu, la sivyo nisisimame tena mbele. Moyo uliniuma. Wewe siku zako za mwisho kitandani uliniomba nisiache kuomba katika nyumba ile ya sala, nami nikakuahidi. Lakini nitubu vipi jambo alilonituma Mwenyewe? Ningekuwa namdanganya Yeye, na tangu uondoke Yeye ndiye ninayebaki naye chumbani. Nikawaambia siwezi. Kichwa changu unakijua. Wakanipeleka nyuma.

Na huko nyuma nafasi ilikuwa moja tu, benchi lako la mlangoni, ulilokalia kwa ajili ya kikohozi. Niko na kina mama, wananicheka, hawanifukuzi. Nilidhani nitaona haya. Nikaona mbingu. Nikaona njia yote na watu wanaopita. Ndipo nikajua kwa nini ulikuwa ukitabasamu wakati sisi tunanguruma kule mbele. Hapa naomba maneno mafupi, hakuna anisikiaye ila Yeye, na mara nyingine tunacheka. Wewe uliniomba niombe katika nyumba ile, hukusema niombe mbele. Ahadi niliyokupa ninayo nzima.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita Mwalimu yu katikati ya mahubiri, radi ikalia kidogo. Akanitazama mimi, huku nyuma, na watu wote wakageuka. Akasema, "Mzee Yakobo, mbingu vipi?"

Nikatoa kichwa nje, nikanusa. "Upande wa Fundo, Mwalimu. Karibu."

Akafunga Kitabu. Alikuwa wa kwanza kutoka kwenda majamvini, Bi Marta, viatu mkononi.

Baadaye, karowa mpaka kanzu imemganda, akanambia nirudi mbele. Nimekataa. Nimempa ruhusa aendelee yeye, ana sauti nzuri, ingawa si kama yangu.

Pumzika, mke wangu. Benchi hili sitoki mpaka niitwe kwa jina. Na siku hiyo nakuahidi nitaingia bila salamu ndefu.

Mumeo,
Yakobo