Sahani ya Mzee Shomari

Jumanne, wiki ya pili ya Mfungo

Bado namfikiria Mzee Shomari.

Ana sukari. Daktari amemkataza kufunga, na shehe wake amemwambia dini inamruhusu mgonjwa kula. Lakini yeye ni mtu wa safu ya mbele msikitini, na Msimbazi nzima inamjua. Kwa hiyo kila mchana anaingia mgahawani kwangu kwa mlango wa uani, anakula nyuma ya pazia kama mwizi. Siri yake ninayo mimi, Mkristo wa Masasi.

Leo mbeba mizigo mmoja alifunua pazia akitafuta wali, akamwona.

“Shikamoo mzee! Kumbe na wewe kobe, unakula mchana?”

Wateja wakacheka. Wengine ni Waislamu wenzake, wazima kabisa, na midomo imejaa.

“Huyu mgonjwa, koma!” nikasema. Nadhani hapo nilikosea. Sasa na ugonjwa wake wanaujua.

Mzee aliweka kijiko chini. “Nimeshiba, mama.” Alikuwa hajala hata robo ya sahani, na sindano yake ya kushusha sukari ameshachoma.

Dini imemruhusu. Sisi wa mtaani ndio hatujamruhusu.

Jioni nilimpigia mkewe, Bi Zuhura. Alisema mzee alifika nyumbani akitetemeka, yeye akampa chai ya sukari, sasa hajambo. Nikashusha pumzi. Nikamwuliza kama kesho nimwekee maharage yake.



“Usimwekee, mama Neema. Amesema kesho anafunga.”