Tulivyokwenda Busisi Kutazama Ndege

Mpendwa Baba Masanja,

Mvua za vuli zimeanza tena hapa Mabatini, na tangu asubuhi nimekaa dirishani nikikuwaza. Watoto wananiambia nipumzike. Nimewaambia nina barua ya kuandika. Hawakuuliza ya nani.

Unakumbuka mwaka ule kiwanda cha nguo kilipowapunguza kazi, ukaanza kuuza mitumba Mkuyuni? Mji mzima ulikuwa umegeuka soko. Kila aliyekuwa na kazi jana, leo alikuwa na meza. Nawe ulizoea haraka, ukajua kuita wateja kwa sauti ambayo sikujua unayo. Halafu Masanja wetu akaugua homa. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika kiti. Tulimpeleka hospitali asubuhi, na jioni tukarudi nyumbani bila yeye.

Matanga yalipokwisha ulirudi sokoni. Hukulia, wala hukumtaja. Nilipomtaja mimi, uliinuka ukaenda kuangalia kama mlango wa uani umefungwa. Majirani walisema una moyo wa kiume. Mimi niliona nimeolewa na jiwe. Basi siku moja ulipokuwa kazini nilikunja nguo zangu nikazitia kwenye begi, nikalisukuma chini ya kitanda. Nilikuwa nangoja siku ya kupanda meli, nirudi kwa mama Ukerewe.

Ndipo ukaja na ile darubini. Uliikuta ndani ya mfuko wa koti, kwenye robota la makoti ya baridi ambayo hakuna mtu wa Mwanza angeyavaa. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu.

"Twende kwa shangazi Busisi," ukasema, "tukatazame ndege."

Nilikutazama kama mtu aliyerukwa na akili. Tangu lini watu wa Mabatini wakasafiri kwenda kuangalia ndege? Lakini nilikubali. Nilijisemea, acha nimpe safari hii moja, kisha niende zangu.

Pale Kigongo tulingoja kivuko muda mrefu kwa sababu ya magugu maji. Ziwa lilikuwa limejaa majani mabichi hadi ungedhani ni shamba, na wavuvi walikuwa wakiyalaani. Wewe ulikuwa umeshaanza kazi yako. Ulinionyesha yangeyange weupe wamesimama juu ya magugu yale, wanaelea nayo bila wasiwasi, kama abiria waliotangulia kupanda. Nilitaka kucheka. Nikajizuia, maana sikutaka unione nikicheka.

Shangazi yako alitupokea kwa mshangao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Kuna msiba mwingine?"

"Hapana. Tumekuja kutazama ndege."

Alinigeukia mimi, akitafuta kwenye uso wangu kama unatania. "Kwani Mwanza wameisha?" Kisha akaenda kukamata kuku. Ulimwita ukimwambia kwamba hata huyo tungemtazama tu, na yule mama akacheka hadi akaegemea ukuta.

Kesho yake alfajiri shangazi alitupeleka kwenye ghuba ndogo nyuma ya shamba lake la mihogo, mahali magugu hayajafika na yungiyungi yametanda juu ya maji. Tuliketi kwenye majani yenye umande. Tulipokezana darubini, kila mmoja akifumba jicho moja. Tuliona mdiria akijitupa majini na kutoka na dagaa. Tuliona mnandi ameanika mabawa. Nawe ulikuwa unanong'ona, "Mama Masanja, ona yule," na kila uliponiita hivyo nilishtuka, kwa sababu majirani walikuwa wameacha kuniita jina hilo.

Kisha akatokea yule ndege wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye vidole virefu, anatembea juu ya majani ya yungiyungi kama yuko barabarani. Nyuma yake vilifuata vifaranga vidogo kama vifundo vya sufi.

"Huyo ni baba yao," shangazi akasema. "Jike akishataga huenda zake. Dume ndiye analea."

Alikuwa bado anaongea, tai furukombe akalia juu yetu. Yule ndege alichuchumaa pale pale, akapanua mabawa kidogo, vifaranga vikaingia chini yake. Aliposimama, watoto hawakuonekana tena. Ilionekana miguu yao tu, mirefu, myembamba, inaning'inia kwenye mbavu za baba yao. Akaondoka nao taratibu hadi kwenye matete.

Darubini ilikuwa mikononi mwako. Uliishusha.

"Masanja alikuwa ananing'iniza miguu hivyo hivyo," ukasema, "nikimbeba."

Ukalia. Baba Masanja, sikuwa nimewahi kusikia mwanamume akilia vile. Shangazi alijifunga khanga vizuri, akarudi nyumbani. Mimi nilikushika kichwa nikakilaza kwenye mapaja yangu.

"Nilidhani nikilia wewe utaanguka," ukaniambia. "Nikasema mmoja wetu asimame."

"Na mimi nilidhani umeshamsahau."

"Nimsahau vipi?"

Tulikaa pale hadi jua likawa kali. Tulimzungumzia mtoto wetu, jino lake la kwanza, alivyokuwa akitema uji na kukucheka. Ndege walikuja na kuondoka, nasi hatukuwatazama tena.

Tulipokuwa kwenye kivuko cha kurudi nilikuambia ukweli. "Nilikuwa nimefunga begi."

"Nililiona," ukasema, macho yako yakiwa majini. "Ndiyo maana nikatafuta pa kukupeleka kabla hujaondoka."

Sikuondoka. Walizaliwa Neema na Kulwa na Doto, na wote walikua wakijua kwamba wana kaka, na jina lake.

Ulipofariki, watu walikuja kuniambia nijikaze kwa ajili ya watoto. Nikakataa. Nililia mbele yao kwa sauti, nikakutaja kwa majina yako yote. Kulwa alisimama mlangoni, mtu mzima, taya amezikaza. Nikamwita, "Njoo, baba." Akaja akapiga magoti, tukalia pamoja kama watu wenye haki ya kulia. Nilitaka uyajue hayo.

Mkono umechoka, na Neema ananiita nikanywe chai. Nakuacha kwa sasa, mpenzi wangu. Msalimie mtoto. Mpakate hadi nije nikupokee.

Mkeo,
Mama Masanja