Kisiwani Walikokusubiri

Mpendwa Baba Furaha,

Jioni hii nimeshuka treni Alby, hapa Stockholm, na mfuko wa unga wa muhogo, theluji yenye maji ikinipiga usoni. Nimefika nyumbani na hata koti sijavua. Kuna jambo lazima ulisikie kutoka kwangu.

Watakaosoma barua hii hawakijui kisiwa chako, ulikotaka tuhamie, kwa hiyo niwaeleze kama ulivyonieleza. Dominica iko Karibiani, ndogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande mmoja, ulisema, upande wa pili wanamwombea. Ni milima, mito, ndizi, majimbi, na kakao nyuma ya nyumba. Watu husalimiana barabarani hata kama hawajuani. Wazee wanaongea patwa, Kifaransa chao cha kisiwani, na wewe kwa Kifaransa chako cha Bukavu ulikuwa unaokota neno hapa, neno pale kwenye simu. Mshahara ni mdogo, lakini meli za watalii zinatia nanga, na watalii wanataka kula na kulala. Wewe ungepika, mimi ningepokea wageni. Miaka yote ya kuendesha basi katika giza la Stockholm, ulikuwa unaiwaza milima ile. Kwetu hatuwezi kurudi, ulisema, lakini Mungu hakutengeneza milima kama ya kwetu mara moja tu.

Unakumbuka ile Jumapili kanisani, Vårby gård? Mchungaji alikupa nafasi baada ya ibada uwaonyeshe watu picha ukutani. Ulivaa suti. Ulieleza mashamba, biashara ya wageni, hata vimbunga hukuvificha. Ukumbi ulitulia, nikadhani wamependa tu maneno yako. Kumbe watu waliotoka kambi za wakimbizi, wakiona nchi mpya inaonyeshwa kwa picha, wanajua jambo moja: kuna watu watakaopelekwa. Jumapili iliyofuata Mama Riziki akaja na bahasha yenye picha za pasipoti za nyumba yake nzima.

"Papa, banaandikisha wapi? Siye tuko batu saba."

"Mama, hakuna mwenye anaandikisha. Ni miye na bibi yangu huyu tu."

Alikutazama kwa huruma, kana kwamba umekatazwa kusema. "Basi mutukumbuke kule ofisini," akajibu, akakuachia bahasha. Ndani ya treni tulicheka mpaka Waswidi wakainua macho kwenye simu zao.

Sijacheka hivyo tena. Ugonjwa haukukupa hata nafasi ya kufunga sanduku. Tulikaa matanga hapa sebuleni, akina mama wakilala kwenye magodoro chini, mdogo wako wa Spånga akipokea wageni mlangoni. Katikati ya nyimbo simu yako ikaita. Alikuwa Madame Eugénie, mwenye ile nyumba tuliyotaka kupanga kule Dominica, yule uliyekuwa unampigia kila Jumamosi. Sauti yake ilikuwa na furaha. Alikuwa amepaka rangi chumba cha mbele.

"Monsieur yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia uko kazini.

"Na hao wanaoimba?"

"Watu wa kanisa," nikasema.

Tangu siku hiyo akawa anapiga yeye. Mara uko zamu, mara umeshikwa na mafua. Nilikupa zamu nyingi kuliko kampuni ya basi. Hapa kila mtu anajua. Jirani anajua, benki inajua, hata jina lako mlangoni limeshatolewa. Kule tu ndiko ulikuwa bado unaendesha basi, unajiandaa kuja. Jumamosi zile nilikuwa nazingoja kama mgonjwa anavyongoja dawa.

Furaha alinisikia. Unamjua binti yako, mimi nasema Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, hata nikiwa nalia. Safari hii alikaa karibu nami akasema kwa lugha yetu, polepole, akitafuta maneno: "Mama, umwambie. Si vizuri anamungojea."

Leo mchana nimempigia Madame. Kule ilikuwa asubuhi, jogoo wake alikuwa anawika. Nilimwambia kwamba tumekuzika. Kisha akalia. Mwanamke ambaye hajawahi kukuona, amekulilia kama ndugu. Akanisihi niende hata peke yangu, kwamba chumba kipo. Nimemwomba ampe mtu mwingine ile nyumba. Kisiwa kile nilikipenda mdomoni mwako, Baba Furaha. Bila wewe wa kunisimulia, ni mahali pa mbali tu, na mimi nimeshachoka kufika mahali pa mbali.

Nimekaa hapa na koti langu, na moyo unauma kuliko siku tuliyokuzika. Siku ile nilikuwa bado na mahali pamoja pa kukuweka. Upumzike, mume wangu. Sasa hata kule umekufa.

Mkeo,
Mama Furaha